Kuwakutanisha Ndugu: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Mkutano wa Ukoo

Ndugu waliotawanyika wakikutana baada ya miaka mingi, kuna furaha ambayo simu wala picha haziwezi kuileta. Mtoto anamwona shangazi wa baba yake kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba kile kicheko cha nyumbani kwao kina mwenyewe. Binamu waliokuwa wakijuana kwa majina tu wanakesha wakizungumza. Mzee aliyedhani amesahauliwa anazungukwa na vitukuu wanaogombania kukaa karibu naye. Lakini ni katika mikusanyiko hiyohiyo ambamo maneno ya urithi hufufuka, mtu mmoja akaachiwa gharama zote, na mkwe mgeni akashinda pembeni bila wa kumsemesha.

Nimeona mikutano ya namna hii ikifana na nimeona ikiharibika, na ninaamini jambo moja: karibu kila kinachoharibu mkutano wa familia huwa kimeanza miezi kadhaa nyuma. Ni mchango ambao haukuelezwa vizuri, ndugu aliyesikia habari kwa watu wa pembeni, au ugomvi ambao kila mtu aliujua na hakuna aliyethubutu kuugusa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi. Siku yenyewe ikifika, watu waachiwe nafasi wakae pamoja.

Hatua ya 1: Kubalianeni mnakutana kwa sababu gani

Kabla ya kutafuta ukumbi, watu wachache wenye moyo wa jambo hili wakae waandike sababu kwa sentensi moja. Huenda ni kuwaona wazee wakiwa bado na nguvu, kuwajulisha watoto ndugu zao, au kumkumbuka mzazi aliyefariki. Sababu ikijulikana, maamuzi mengine hurahisika. Wanaokutana kwa ajili ya wazee hawachagui mahali penye vilima na ngazi. Wanaokutana kwa ajili ya watoto hawajazi hotuba.

Hapa nina msimamo mkali: mambo ya mali yasiingizwe. Shamba, nyumba, wosia na madeni ya ndugu vina kikao chake, siku yake na wahusika wake. Ukimwalika mtu kwa furaha, kisha jioni ukamtolea karatasi za kutia sahihi, atajiona ametegwa, na safari ijayo hatakuja hata ukimtumia nauli.

Hatua ya 2: Amueni nani anahesabiwa

Neno familia lina upana mwingi, kwa hiyo chagueni mzizi mmoja. Semeni, kwa mfano, kwamba wanaoalikwa ni wazao wote wa babu na bibi fulani pamoja na wenzi wao. Kisha pigeni hesabu. Wazazi hao wakiwa na watoto 6, kila mtoto akazaa 4, na kila mjukuu akazaa 3, mna watoto 6, wajukuu 24 na vitukuu 72. Hao ni watu 102 kabla hamjahesabu mkwe hata mmoja. Mkipanda kizazi kimoja juu, idadi inaweza kuongezeka mara kadhaa. Wengi huingia katika mipango bila hesabu hii, na baadaye wanalazimika kuwaengua watu walioshaambiwa waje.

Kuna watu ambao habari zao lazima ziamuliwe mapema: mwenzi aliyeachika lakini ndiye mzazi wa wajukuu wenu, watoto wa kambo, watoto wa kulea, na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Maoni yangu ni kwamba nafasi ya mtoto haijadiliwi. Aliye damu yenu au aliyelelewa kwenu ni wenu, na kadi yake iandikwe jina lake kama wengine. Kwa wazazi wenzi walioachana, waulizeni watoto wao wakubwa kwanza, maana wao ndio watakaokaa katikati.

Hatua ya 3: Undeni kamati ndogo

Watu 5 hadi 7 wanatosha. Kila tawi la ukoo liwe na mtu wake, na rika zichanganyike, maana vijana wanajua mambo ya simu na wakubwa wanajua nani haongei na nani. Mwenyekiti awe mtu mwenye subira kuliko mwenye sauti. Mweka hazina asiwe yuleyule anayefanya manunuzi. Wazee msiwachoshe kwa vikao, ila mkawaone mwanzoni kabisa na kusikia wanataka nini. Mzee anayepewa habari ya mkutano wa watoto wake baada ya kila kitu kupangwa huumia, hata akinyamaza.

Hatua ya 4: Tarehe na muda

Ikiwa baadhi yenu watasafiri kwa ndege au kuomba likizo kazini, anzeni miezi 9 hadi 12 kabla. Kama wote mko karibu, miezi 4 hadi 6 inatosha. Pelekeni tarehe tatu tu za kuchagua, wekeni siku ya mwisho ya kujibu, kisha chagueni moja na msirudi nyuma. Tarehe inayomfaa kila mtu haipo. Wanaopaswa kufikiriwa kwanza ni wazee na wenye watoto wa shule, kwa kuwa wao ndio wenye nafasi finyu zaidi.

Usiku mbili unatosha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na walijua wanachosema: siku ya tatu watu wamechoka, watoto wamelala vibaya, na vitu vidogo vinaanza kuudhi. Wanaotaka kukaa zaidi wakae kwa mpango wao wenyewe.

Hatua ya 5: Fedha

Hapa nitakawia, kwa sababu fedha imevunja undugu mwingi kuliko matusi.

Gawanyeni gharama katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni lile lisilobadilika hata wakija watu wachache: ukumbi, viti, vipaza sauti, usafiri wa wazee. Hili ligawanywe kwa watu wazima wenye kipato. Fungu la pili hupanda na kushuka kwa idadi ya watu, yaani chakula na malazi. Hili ligawanywe kwa kichwa, watoto wadogo wakiachwa bure na wale wa umri wa kati wakilipa nusu. Juu ya jumla yote ongezeni asilimia 10 ya dharura. Ikibaki, itakuwa mtaji wa mkutano ujao.

Kiwango cha mchango kiwe cha chini kiasi kwamba ndugu mwenye hali ngumu kuliko wote ataweza kukifikia kwa awamu. Halafu wenye uwezo waongeze kimyakimya kupitia kwa mweka hazina, bila kutangazwa. Asiyeweza kabisa asifuatwe mbele ya watu; amwambie mtu mmoja wa tawi lake, na yaishie hapo. Ile tabia ya kubandika orodha ya wadaiwa katika kundi la WhatsApp inakusanya fedha kidogo na kufukuza watu wengi. Kinachofaa kubandikwa kila mwezi ni mistari mitatu: kiasi kilichoingia, kilichotoka, na salio.

Wekeni kanuni nne kwa maandishi tangu mwanzo. Mwisho wa kuchangia ni siku 60 kabla ya mkutano. Aliyelipa ndiye anayehesabiwa kwenye chakula na vitanda. Anayejiondoa kabla ya tarehe fulani anarudishiwa kiasi fulani, na baada ya hapo hakuna. Kila matumizi yana risiti au sahihi za watu wawili.

Na yule ndugu mwenye nacho anayesema atalipia kila kitu? Mshukuruni kwa dhati, mpokee sehemu, lakini wengine wote bado wachange hata kidogo. Mtu aliyechangia hujiona mwenyeji. Aliyelipiwa huja kama mgeni, na wakati mwingine huja akiwa ameinamisha kichwa. Tena anayelipa zaidi asiwe na kauli zaidi katika maamuzi.

Hatua ya 6: Mahali

Tembeleeni mahali hapo mkiwa na mzee akilini. Choo kiko umbali gani? Kuna ngazi ngapi? Kuna kivuli, na chumba tulivu cha kujinyoosha baada ya chakula? Jambo linalosahaulika sana ni usikivu. Mwenye masikio mazito anaweza kuzungumza vizuri na watu wawili, lakini katika ukumbi wenye muziki mkubwa hasikii kitu, na hubaki akitabasamu tu kwa adabu. Meza za watu 8 na muziki wa chini humrudisha katika mazungumzo.

Kama kuna bwawa, ziwa au bahari karibu, msitegemee kwamba watu wazima wengi wapo. Penye wengi kila mmoja hudhani mwenzake anatazama, na mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mtajeni mtu kwa jina, kwa zamu ya nusu saa, bila simu mkononi, kazi yake ikiwa moja tu ya kutazama watoto majini.

Malazi yasiwe ya kulazimishana. Wapo wanaofurahia kulala kumi chumba kimoja, na wapo ambao wasipopata saa moja ya upweke hukasirika bure. Acheni wenye kutaka kulala kwingine walale.

Hatua ya 7: Ugomvi wa zamani ushughulikiwe kabla

Kaeni kamati peke yenu mwandike, kwa siri, nani hasemezani na nani, na kwa sababu gani. Msijifanye hamjui. Kwa kila ugomvi chagueni mjumbe mmoja anayeaminiwa na pande zote mbili, aende kwa kila upande peke yake, uso kwa uso au kwa simu, asitumie ujumbe wa maandishi. Ombi lake liwe dogo: kwa siku hizi mbili, mnaweza kusalimiana na kuliacha lile jambo? Wengi hukubali ombi dogo. Wangeombwa wapatane wangekataa.

Msilazimishe suluhu mbele ya watu. Nimeona mzee akiwaita ndugu wawili katikati ya ukumbi washikane mikono huku simu zote zikirekodi. Walishikana, na uhasama ukaongezeka, maana kila mmoja alijiona amedhalilishwa. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakiwa tayari wenyewe, watatafutana pembeni.

Lipo kundi moja la mambo ambalo halimo katika hesabu hii. Mtu aliyemdhuru mtoto wa ukoo, au aliyempiga mwenzi wake, si upande mmoja wa ugomvi. Kumwambia aliyeumizwa akae naye meza moja kwa ajili ya umoja wa familia ni kumuumiza tena. Aliyeumizwa aulizwe mapema, kwa faragha, na jibu lake liheshimiwe bila kutakiwa kueleza. Anayestahili kukosa mkutano ni yule mwingine.

Kuna pia maumivu madogo yanayotolewa kwa nia njema. Utaoa lini? Mtoto yuko wapi? Mbona umenenepa? Ile kazi vipi, bado tu? Maswali haya hufanya watu waliofiwa na ujauzito, walioachishwa kazi au waliokaribia kuachana watafute udhuru wa kutokuja. Andikeni katika barua ya mwaliko, kwa upole lakini waziwazi, kwamba mambo hayo mwenyewe akitaka ataanza kuyasema. Mkubaliane pia kuhusu pombe: itakuwepo au haitakuwepo, hadi saa ngapi, na nani ataendesha magari usiku.

Hatua ya 8: Ratiba yenye nafasi

Kosa la kamati nyingi ni ratiba iliyojaa. Shughuli kubwa moja kwa siku inatosha, na nusu ya muda ibaki wazi. Mazungumzo ambayo watu huyakumbuka hutokea wakiosha vyombo au wakitembea baada ya chakula.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Jioni ya kwanza watu wanafika, wanakula, wanalala mapema. Asubuhi ya pili utambulisho, kisha picha ya pamoja kabla ya chakula cha mchana, wakati nguo bado safi na watoto hawajasinzia. Mchana wazi. Jioni hadithi za wazee. Siku ya mwisho kifungua kinywa na kuagana. Hotuba ziwe mbili, na mwenye kipaza sauti aambiwe dakika zake.

Kwa utambulisho, kila mtu avae kibandiko chenye jina, rangi ya tawi lake na namba. Namba hizo zitolewe kwa mtindo uliobuniwa na Mfaransa Jacques d'Aboville mwaka 1940. Mzazi mkuu ni 1. Watoto wake kwa kufuata kuzaliwa ni 1.1, 1.2, 1.3. Mtoto wa tatu wa 1.2 ni 1.2.3. Mtoto mwenye miaka kumi ataweza kupiga hesabu mwenyewe: 1.2.3 na 1.2.5 ni ndugu wa tumbo moja au baba mmoja, 1.2.3 na 1.4.1 ni watoto wa ndugu wawili, na 1.4 ni wa rika la mzazi wa 1.2.3. Wapeni watoto kazi ya kutafuta watu wa namba fulani na kuwauliza swali moja. Ndani ya saa moja watakuwa wamezungumza na nusu ya ukoo.

Mkwe au mchumba anayekuja mara ya kwanza apewe mwenyeji kutoka tawi lingine kabisa, wa rika lake, wa kumtambulisha na kula naye. Mwenzi wake atakuwa amevutwa huku na huko na ndugu zake, hivyo asimtegemee.

Hatua ya 9: Chakula na kazi za jikoni

Kila familia ina watu walewale ambao hupika mkutano mzima na kuondoka bila kuketi. Wekeni zamu kwa tawi, wanaume, wanawake na vijana pamoja, na orodha ibandikwe ukutani. Kama mnaweza kumlipa mpishi, hiyo ni fedha iliyotumika vizuri.

Ulizeni mapema nani hali nini, kwa imani, kwa afya au kwa mzio. Na kwa kuwa chakula cha watu wengi hukaa nje muda mrefu, fuateni kanuni za Shirika la Afya Duniani: kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha kuhifadhi kiwe chini ya nyuzi 5. Wazee na watoto wachanga ndio wanaoumia kwanza jambo hili likipuuzwa.

Hatua ya 10: Hadithi za wazee

Hapa ndipo penye hazina ya mkutano mzima, nami ningekuwa tayari kupunguza kila kitu kingine ili pabaki. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake: babu na bibi walikulia wapi, wazazi walikutana vipi, ni msiba au ugonjwa gani ulioipata familia. Waligundua kwamba watoto waliojua zaidi walikuwa pia na kujiamini zaidi. Lakini watafiti hao wenyewe walionya kwamba kukariri majibu hakutamsaidia mtoto. Kinachohesabika ni zile saa nyingi za kukaa na watu wanaomsimulia. Kwa hiyo msigawe karatasi ya historia ya ukoo mkadhani kazi imekwisha.

Wazee wawaambie watoto hata yaliyokuwa magumu, kwa kiasi wanachoweza kubeba: biashara iliyokufa, mwaka wa njaa, shule aliyofukuzwa. Ulizeni maswali yenye picha. Badala ya kusema tuambie maisha yako, sema: nyumba mliyokulia ilikuwa na vyumba vingapi, na nani alilala wapi? Mlikuwa mnachapwa kwa kosa gani? Nani alikufundisha kazi yako ya kwanza?

Rekodini. Simu inatosha ikizimwa mawasiliano, ikiwekwa karibu na mdomo wa mzee, mbali na feni na jikoni. Mwanzoni mtaje jina lake, tarehe na mahali. Asizidi saa moja kwa kikao, na aulizwe kwanza kama anaridhia kusikiwa na wote. Siku hiyohiyo nakala iwekwe mahali patatu tofauti, mojawapo nje ya nyumba hiyo. Waambieni watu walete picha za zamani. Skaneni kwa doti 600 kwa inchi, na majina yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa kalamu hupenya na kuharibu picha. Mzee akiwa hapo ndiye pekee anayejua yule mtoto wa kushoto ni nani.

Hatua ya 11: Kuagana

Kuagana kupangwe kama kufika kulivyopangwa. Mwaka 1993 Daniel Kahneman na wenzake waliwatumbukiza watu mkono katika maji baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60, kisha mara nyingine kwa sekunde 60 zilezile na 30 za ziada, maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa wapendelee kurudia lipi, wengi walichagua lile refu, kwa sababu lilimalizika vizuri zaidi. Kumbukumbu hubeba mwisho wa jambo kuliko urefu wake. Basi msimalize kwa kugombania magari na kutafuta aliyebeba sufuria. Saa moja kabla ya watu kuanza kuondoka, wote waketi, wazee waseme neno, majina ya waliozaliwa na waliofariki tangu mkutano uliopita yasomwe, na walioandaa washukuriwe kwa majina. Usafi na mizigo vifanywe kabla ya hapo.

Papo hapo, kabla mtu hajatoka, tajeni mwaka wa mkutano ujao na tawi litakaloandaa. Miaka 2 hadi 3 ni nafasi nzuri. Mkiondoka bila tarehe, itapita miaka kumi.

Hatua ya 12: Baada ya hapo

Ndani ya siku 14, mweka hazina atume hesabu yote pamoja na picha za risiti. Picha za mkutano ziwekwe mahali pamoja ambapo wanafamilia pekee wanafikia, na sura za watoto zisipandishwe kwenye mitandao bila ruhusa ya wazazi wao. Mtu mmoja awapigie simu waliokosa, hasa wagonjwa na waliokataa kuja, awasimulie bila kuwalaumu. Kisha kamati ikabidhi jalada kwa tawi linalofuata: orodha ya watu na namba zao za ukoo, bajeti iliyopangwa kando ya matumizi halisi, majina ya wapishi na wenye magari waliotimiza ahadi, na ukurasa mmoja wa yaliyokwenda vibaya, ulioandikwa wiki hiyohiyo kabla watu hawajayasahau.